Kunyanyua vyuma: Mwanamke anayejiandaa kwa shindano la kwanza ajue nini?

Mwishoni mwa mwaka 1973, Jan Todd, mwanamke kijana wa Marekani, alifuatana na mume wake kwenye jimu moja ya mji wa Austin, jimboni Texas. Hapo akaona mwanamke mwenye mwili mdogo akiinua chuma cha zaidi ya kilo 100 kutoka chini. Akashangaa, naye akajaribu. Siku hiyo hiyo akainua kilo 102.

Hakukimbilia mashindano. Alifanya mazoezi zaidi ya mwaka mmoja, na mwaka 1975, katika mji wa Chattanooga, akainua karibu kilo 179. Rekodi ya wanawake iliyokuwa imedumu tangu 1926 ikavunjika. Wakati huo wanawake hawakuwa na mashindano yao. Ya kwanza ya taifa la Marekani yalifanyika 1977, na ya dunia 1980.

Huku kwetu, kila mkaaji wa Bukavu anawajua akina mama wanaobeba magunia mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Ni nadra mtu kuuliza kama mwili wa mwanamke unaweza mzigo huo. Swali linakuja pale dada anaposhika chuma kwa hiari yake. Lakini mbeba mizigo hachagui uzito wala siku ya kupumzika. Mwanamichezo anachagua vyote viwili, na hapo ndipo maandalizi yanapoanza.

Mchezo huu siyo ule wa Olimpiki wa kupandisha chuma juu ya kichwa. Una sehemu tatu: kuchuchumaa na chuma mabegani, kukisukuma ukiwa umelala kwenye benchi, na kukiinua kutoka chini. Kila sehemu ina majaribio matatu. Waamuzi ni watatu, na wawili wakiwasha taa nyeupe, jaribio limekubaliwa.

Wengi wanaoanza wanapoteza jaribio kwa kutosikiliza, siyo kwa kukosa nguvu. Kwenye kuchuchumaa, nyonga lazima ishuke chini ya goti, na chuma hakirudishwi mahali pake kabla ya amri ya mwamuzi. Kwenye benchi, chuma kinatulia kwanza kifuani, ndipo amri ya kusukuma inatolewa. Kwenye kuinua, unabaki umesimama wima mpaka uambiwe ushushe, na hukiachii kianguke. Basi, wiki kadhaa mbele ya shindano, mwombe kocha au mwenzako akupe amri hizo kwenye mazoezi.

Hatari kubwa ni kuanza na uzito mkubwa. Ukishajaribu kilo fulani, huwezi kurudi chini. Ukikosa mara tatu katika sehemu moja, unatoka kwenye hesabu ya jumla. Kwa hiyo jaribio la kwanza liwe uzito unaoweza kuunyanyua mara tatu mfululizo bila kuhangaika. Mwenye uwezo wa kuchuchumaa na kilo 80 aanze na 70, apande 77,5, kisha ajaribu 82,5.

Juma la mwisho siyo la kupima nguvu. Punguza uzito wa chuma, lala vizuri, na usijinyime chakula ili kushuka kundi la kilo. Bugali, maharagwe, sambaza na mayai vinakutosha. Anayejinyima kwa shindano la kwanza anafika akiwa dhaifu mbele ya chuma kile kile.

Siku yenyewe, usitazame kilo za jirani. Mwanamke anayemaliza sehemu zote tatu, akiwa na taa nyeupe kwa kila moja, anarudi nyumbani na matokeo yake ya kwanza. Shindano lijalo, hayo ndiyo atakayopaswa kuyashinda.