Turbo Inataka Hewa Safi na Baridi: Kazi za Mikono kwa Gari la Kikundi



Wengi mmezoea kusoma hapa juu ya mbuzi wa maziwa na matangi ya maji. Leo tunazungumza juu ya gari, kwa sababu vikundi vingi siku hizi vinaweka akiba yao kwenye gari, na gari likiharibika ndiyo akiba imeharibika.

Kikundi chetu kina watu 14. Tulichanga, tukanunua Subaru Forester ya turbo, mtumba wa Japani, ili tuikodishe kwa harusi na safari, na usiku impeleke mgonjwa hospitali. Kusema kweli mimi nilitaka pikapu. Nilishindwa kwa kura.

Dereva wetu ni kijana hodari, na kosa alilofanya alilifanya kwa nia njema. Alitoa boksi la chujio la hewa, lile mafundi huliita eyaklina, akaweka chujio la wazi lenye umbo la koni alilonunua Nairobi. Aliambiwa injini itapumua vizuri na nguvu itaongezeka. Sauti ilibadilika kweli! Ukikanyaga mafuta unasikia gari linavuta pumzi kama fahali. Wanachama walifurahi, na mimi nikiwemo.

Miezi saba baadaye gari lilianza kulia kama king'ora kwenye mlima, likatoa moshi wa bluu, na nguvu ikaisha. Fundi alipofungua turbo alituita tuone. Mapanga yake madogo yalikuwa yameliwa kwenye ncha, kama panga la shamba lililonolewa miaka 20. Akamwambia mwenyekiti wetu, "Mzee, hii imekula mchanga." Turbo nyingine tulinunua kwa pesa tulizokuwa tumeweka kando za tangi la maji. Tangi halijajengwa mpaka leo.

Sasa tuelewe turbo ni kitu gani. Ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, na feni ya pili inavuta hewa na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaweza kuungua, na injini ndogo inafanya kazi ya injini kubwa. Feni hizo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo hata punje ya vumbi ni kama risasi. Ndiyo maana mapanga yetu yaliliwa.

Kifaa hiki ni cha zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alikiandikisha mwaka wa 1905. Mwaka wa 1918 Wamarekani walibeba injini ya ndege mpaka juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,200 juu ya usawa wa bahari, wakaijaribu na turbo. Walipanda mlima kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi na injini ya kawaida inachoka, nao walitaka kuona kama turbo itairudishia nguvu. Iliirudishia.

Jambo hilo linatuhusu sisi wa Mlima Kenya. Nyeri na Nanyuki ziko juu, na hewa yetu ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Gari la turbo halisikii upungufu huo sana, lakini feni inabidi izunguke kwa kasi zaidi ili kufikia presha ile ile. Turbo ya Nyeri basi inafanya kazi ngumu kuliko ya Mombasa hata kabla hujaongeza chochote, na ukiipa hewa ya moto au yenye vumbi umeiongezea mzigo.

Joto nalo ni adui. Hewa ikipata moto inatanuka, na katika nafasi ile ile inakuwa kidogo. Kila nyuzi 10 za joto zinapunguza hewa kwa karibu asilimia 3. Asubuhi ya Nyeri hewa ya nje inaweza kuwa nyuzi 15, lakini chini ya boneti, karibu na turbo, inafika 60 na kupita. Koni ya kijana wetu ilikuwa inavuta hewa hiyo ya moto! Sauti ilikuwa kubwa kwa sababu boksi la kuituliza halikuwepo, na tukadhani kelele ndiyo nguvu.

Haya ndiyo tuliyofanya baadaye, sisi wenyewe pamoja na fundi wa jua kali, kwa pesa kidogo sana.

Kwanza tulirudisha boksi la asili. Lilikuwa nyumbani kwa dereva, mama yake akiliwekea vitunguu. Tuliliosha, tukaweka chujio jipya la karatasi, tukakagua ukingo wake wa mpira kama unakaa sawa pande zote. Ukingo ukiwa na pengo la unene wa kijiti cha kiberiti, vumbi lina mlango. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo huo. Baada ya wiki mbili fungua uangalie. Ukiona mstari wa vumbi umevuka grisi kuingia ndani, boksi linavuja.

Mdomo wa plastiki unaoleta hewa kutoka mbele, juu ya rejeta, ulikuwa umepotea. Fundi alitukatia bati la alumini, akalikunja kama mfereji bapa kutoka kwenye grili mpaka mdomo wa boksi. Kipande kingine kilichobaki alikisimamisha kati ya boksi na upande wa injini kuzuia joto, pande zote mbili kukiwa na nafasi ya hewa kupita. Wengine hutumia bomba la PVC la maji ya mvua. Linafaa mbele kabisa ya gari, lakini usilikaribishe kwenye turbo au ekzosi, litalegea kama mshumaa.

Halafu kuna intakula. Jina linachekesha, kwa maana yenyewe haili kitu. Ni kama rejeta ndogo ya hewa. Turbo ikikandamiza hewa, hewa inapata moto, mara nyingi kupita nyuzi 100, na intakula inaipoza kabla haijaingia kwenye injini. Kwenye Forester ya turbo imekaa juu ya injini, na lile tundu la boneti, ambalo vijana wanadhani ni pambo, ndilo linaloipelekea upepo. Kati ya boneti na intakula kuna mpira wa sponji wa kuziba. Magari ya mtumba mengi yamepoteza mpira huo, na upepo unapita pembeni bure. Tulinunua sponji ngumu nyeusi ya milango, tukaigundisha kuzunguka ukingo. Kazi ya saa moja. Tuliosha pia mapezi ya intakula kwa maji ya kumwaga, si ya presha kubwa, tukanyoosha yaliyopinda kwa kisu butu. Wadudu waliotoka humo wangelisha kuku.

Kazi iliyotufaa kuliko zote ilikuwa ya kutafuta mahali hewa inapovuja, na hii nataka kila kikundi chenye gari la turbo kiijue. Nunua kofia ya bomba la PVC inayoingia sawasawa kwenye mdomo wa mpira unaokwenda kwenye turbo. Pima kwanza, usikisie. Toboa katikati, tia nozeli ya tairi lisilo na tyubu. Injini ikiwa imezimwa na imepoa kabisa, fungua mpira huo mahali unapoungana na bomba la sensa ya hewa, weka kofia yako, uikaze kwa klipu ya chuma. Vile vipira vidogo vya kupumulia vinavyotoka kwenye injini kuingia kwenye mpira huo, vitoe na uzibe matundu yake, la sivyo utakuwa unajaza presha ndani ya injini na kuharibu sili. Sasa pampu polepole mpaka PSI 10. Usipite 15. Usisimame mbele ya kofia, na watoto wakae mbali, kwa sababu ikichomoka inaruka kama jiwe la manati.

Sikiliza. Sauti ndogo kwenye ekzosi ni ya kawaida, kwa sababu daima kuna vali iliyo wazi. Sauti ya "sss" mahali pengine ndiyo ugonjwa. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo, na povu litakuonyesha. Sisi tulikuta klipu mbili zimelegea na ufa kwenye mpira mkubwa unaopita chini ya manifoldi ya hewa kuelekea turbo, mahali ambapo jicho halifiki. Pengine ufa huo ulikuwepo tangu Japani. Klipu zilikazwa, mpira tulibadilisha. Usifunge kwa utepe mweusi wa umeme, kwa maana joto na oili vitaufungua barabarani.

Ufa wa kabla ya turbo unaingiza vumbi ambalo halijapita kwenye chujio. Ufa wa baada ya turbo unapoteza hewa ambayo sensa imekwisha kuihesabu. Kompyuta ya gari inamimina petroli ya hewa ambayo haipo, na unaona moshi mweusi na tangi linaisha haraka. Wengine hufikiri dereva anaiba mafuta! Sisi pia tulifikiri hivyo, na tulimkosea yule kijana. Mwenyekiti alimwomba msamaha mbele ya mkutano.

Hiyo sensa ni waya mwembamba unaopata moto, umekaa ndani ya bomba baada ya boksi. Usiiguse kwa kidole wala kitambaa. Yale machujio ya kuosha na kupaka mafuta, ukizidisha mafuta yanaganda kwenye waya na hesabu inaharibika. Na bomba ambamo sensa imekaa lisibadilishwe kipenyo. Ukiweka pana zaidi, kompyuta itadhani hewa ni kidogo, itatoa petroli kidogo, na kwenye injini ya turbo hilo linaweza kutoboa pistoni.

Vijana watauliza juu ya ile vali ya kutoa "pshhh" nje. Kwenye gari lenye sensa ya namna hii, hewa inayotupwa nje ilikuwa imekwisha kuhesabiwa, kwa hiyo ni kuchoma petroli kwa ajili ya sauti. Wengine wanateremsha mdomo wa hewa mpaka karibu na bampa kutafuta hewa baridi. Kumbukeni mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Injini ikivuta maji mara moja tu, pistoni haiwezi kuyakandamiza, na vyuma vinapinda. Magari ya Safari Rally ya miaka ya 1990, kama Subaru Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae mwaka wa 1997, yalijulikana kwa bomba refu lililopanda kando ya kioo cha mbele kuvuta hewa kutoka juu. Watu waliokuwa na pesa zote za dunia walipandisha mdomo juu, mbali na maji na vumbi.

Wenye pikapu na matatu za dizeli zenye turbo, karibu yote haya yanawahusu: boksi, ukingo, mipira, klipu na intakula. Kwenye njia za vumbi za Kieni wakati wa kiangazi msingoje muda wa sevisi ulioandikwa kitabuni. Fungueni boksi kila wiki mbili. Kugonga chujio polepole kunatosha kwa muda, na likishakuwa jeusi mpaka ndani ya mikunjo, nunueni jipya. Msilipulizie upepo wa kompresa kutoka nje, mtasukuma vumbi ndani ya karatasi na kuitoboa.

Nguvu ya gari letu haikuongezeka kuliko ilivyotengenezwa. Ilirudi ilipokuwa. Linapanda kutoka Karatina bila kulia, na daftari la mafuta linaonyesha tunajaza mara chache kuliko mwaka jana. Koni ya Nairobi iko kwenye meza ya mweka hazina, ndani yake anatia kalamu. Akiba ya tangi tumeanza tena, kila mwanachama shilingi 200 kwa wiki, na kazi ya kufungua boksi la hewa imepewa watu wawili kwa zamu, dereva na mama mmoja wa kikundi ambaye sasa anajua klipu zote kwa idadi.