Magari ya Mjini Yakae Wapi?

Mji Mkongwe wa Unguja ulijengwa kwa watu waendao kwa miguu, kwa punda na kwa mahamali wenye mikokoteni. Vichochoro vyake vingi havipitiki kwa gari, na vinavyopitika humbana mtu ukutani. Kwa hiyo magari hujazana penye uwazi: Shangani, Malindi na, kuliko kote, Darajani. Hapo muuza mboga, abiria wa daladala na mwenye gari hugombea pahala pamoja, na ashindwaye ni yule aendaye kwa miguu.

Kila lizungumzwapo jengo la ghorofa la kuegesha magari, wengi hulipokea kama dawa. Sisi hatulipingi. Tunalosema ni kwamba jengo peke yake halitaondoa hata gari moja vichochoroni. Mwenye gari ataliacha mlangoni pa duka lake maadamu hakuna amkatazaye, tena bure. Basi kwanza zitajwe njia zitakazofungwa kwa magari, na ada ipangwe ambayo karani wa serikali aweza kuilipa kila siku ya kazi. Ghorofa tupu huku mitaa imejaa ni fedha ya wananchi iliyotupwa.

Kwa hesabu za wahandisi, gari moja, pamoja na njia ya kupitia na ya kupandia, huhitaji kiasi cha mita za mraba 25 hadi 30. Magari 200 yataka basi mita 5,000 hadi 6,000. Zikigawanywa kwa ghorofa tatu, kiwanja cha mita 2,000 chatosha. Kiwanja kama hicho hakipatikani kwa urahisi ndani ya hekta 96 zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2000, ila kwa kubomoa au kwa kula bustani. Hatudhani yupo kiongozi atakayethubutu. Mahali pake ni ukingoni.

Lakini huko ukingoni nako kuna la kuangalia. Jina la Darajani lakumbusha daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, nao ulifukiwa. Akitokea wa kupendekeza maegesho ya chini ya ardhi ili jengo lisionekane, aulizwe kwanza atayapeleka wapi maji. Kuchimba pale ni kununua pampu isiyopumzika. Afadhali jengo fupi lenye kuta wazi za kupitisha hewa, lisilopanda juu ya mapaa ya jirani; na kimo hicho kiamuliwe na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, kabla ya mkandarasi kuitwa.

Wachuuzi watakaoondolewa waonyeshwe pahala pao papya kabla ya ujenzi kuanza. Michoro nayo ibandikwe sokoni, kwa Kiswahili, mkataba ukiwa haujatiwa saini. Mahamali wa Darajani wazijua saa ambazo malori ya ndizi huingia na upande yanakogeukia. Waulizwe.