MSIMU UMEKWISHA, KIDONDA HAKIJAPONA
Yanga walivyofuta machozi ya Algiers

HAKUNA kitu kinachouma kama kushinda mechi halafu ukalia. Kama unadhani natania, mtafute mnazi yeyote wa Yanga umuulize yaliyomkuta usiku wa Juni 3, 2023. Atakusimulia mpaka kahawa ipoe.

Usiku ule Yanga walikuwa Algiers, ugenini, mbele ya umati wa Waarabu waliowasha moshi mpaka uwanja ukawa hauonekani vizuri. Fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho Afrika, dhidi ya USM Alger. Djuma Shabani akatia penalti kimiani mapema kabisa. Filimbi ya mwisho ikalia, Yanga 1, wenyeji 0. Umeshinda Algiers, tena kwenye fainali! Lakini kombe likabaki kule kule.

Kisa? Hesabu. Jumapili ya Mei 28, pale Uwanja wa Benjamin Mkapa, Waalgeria walikuwa wameshinda 2-1. Jumla ikawa 2-2, na kanuni ya bao la ugenini ikafanya kazi yake: wao walikuwa na mawili, Yanga moja. Basi, yakaisha.

Na kilichouma zaidi ni namna bao lile la pili lilivyoingia. Fiston Mayele alikuwa ndiyo kwanza amesawazisha dakika za mwisho, Mkapa nzima iko juu, watu wanakumbatiana na wasiowajua. Kabla hawajakaa vizuri, dakika mbili tu, nyavu za Yanga zikatikisika tena. Msomaji wangu, dakika mbili zile ndizo zilizoondoka na kombe.

Leo nataka tuzungumzie kilichofuata baada ya pale. Siyo kwa sababu mimi ni Yanga au Simba, hilo niachie mwenyewe. Ni kwa sababu kila msimu ukiisha, vijiwe vyote vinajaa maneno ya usajili, nani anakuja, nani anaondoka, na ni wachache wanaouliza swali la maana: Tuliumia wapi?

MSIMU WA RAHA NA KARAHA

Tuwe wakweli. Msimu ule wa 2022/23 haukuwa mbaya, ulikuwa mtamu ajabu. Yanga walichukua ubingwa wa ligi kwa pointi 78. Wakachukua na Kombe la Shirikisho la Azam kule Tanga, bao 1-0 dhidi ya Azam FC, mfungaji Kennedy Musonda. Mayele akafunga mabao 17 ya ligi, akalingana na Saido Ntibazonkiza wa Simba. Kule Afrika akafunga saba na kuwa mfungaji bora wa mashindano.

Na hiyo safari ya Afrika ilianza kwa kimeo. Al Hilal ya Sudan iliwatoa Ligi ya Mabingwa, wakaangukia Shirikisho. Pale Dar wakatoka suluhu na Club Africain, watu wakaanza kuchonga kwamba timu imekwisha. Wakaenda Tunis, Stephane Aziz Ki akafunga moja, safari ikaendelea. Wakaongoza kundi lenye TP Mazembe na US Monastir, wakawatoa Rivers United ya Nigeria, wakawatoa Marumo Gallants ya Sauzi, hao fainali. Tangu Simba ifike fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, hakuna klabu ya Tanzania Bara iliyokuwa imegusa fainali ya Afrika. Miaka 30!

Kwa hiyo ungeweza kusema: Mbona mambo yalikuwa kwa soksi? Mnalilia nini? Hapo ndipo penye mtego. Timu ikifanya vizuri, watu hawataki kuangalia madoa. Wanataka kucheza ngoma.

NYUMBA YAANZA KUBAKI TUPU

Wiki chache tu baada ya Algiers, mambo yakaanza. Kocha Nasreddine Nabi, Mtunisia aliyeijenga timu ile, akaaga. Feisal Salum 'Fei Toto', ambaye mgogoro wake wa mkataba na klabu ulikuwa gumzo la nchi nzima kwa miezi, akahamia Azam. Djuma Shabani, yule yule wa penalti ya Algiers, akaondoka. Yannick Bangala naye. Na kabla ligi haijaanza, Mayele akakwea pipa kwenda Misri kujiunga na Pyramids.

Hebu fikiria, kaka. Kocha hayupo. Mfungaji hayupo. Kiungo kipenzi cha mashabiki yuko kwa jirani. Maskani za upande wa pili zilikuwa zinachekelea waziwazi. Simba walikuwa wamekwea ndege kwenda Uturuki kuweka kambi, Luis Miquissone amerudi, Willy Essomba Onana ameshuka, mbwembwe tupu. Yanga wao walibaki Avic Town, Kigamboni. Utani uliokuwepo mjini si wa kuandikwa gazetini.

Ila ukiangalia kwa utulivu walichofanya pale Kigamboni, utaona kwamba kulikuwa na akili. Au tuseme kulikuwa na akili na kosa moja, maana hata kosa lina somo lake.

KIDONDA CHA KWANZA: KUMTEGEMEA MTU MMOJA

Ukweli ni kwamba timu ya Nabi ikikwama, mpira ulikuwa unatafutiwa Mayele. Hakuna ubaya, mtu alikuwa anafunga. Lakini akiondoka je?

Kocha mpya, Miguel Gamondi, Muargentina aliyekuwa ameshazunguka Afrika miaka mingi, alikuta klabu imeleta mtu wa kuziba pengo: Hafiz Konkoni kutoka Ghana. Hilo ndilo kosa ninalolisema. Pengo la Mayele halikuzibika kwa mtu mmoja. Konkoni hakumaliza msimu, Januari akaondoka, akaletwa Joseph Guede.

Kilichookoa jahazi ni wale wengine. Pacome Zouzoua kutoka ASEC Mimosas ya Ivory Coast. Yao Kouassi, beki wa kulia, kutoka huko huko. Maxi Nzengeli kutoka Kongo, kijana mwembamba anayekimbia kama aliyesahau jiko likiwaka nyumbani. Jonas Mkude, aliyekulia Simba, akavaa kijani na njano. Hao ukiwachanganya na Aziz Ki, Mudathir Yahya, Khalid Aucho na Musonda, unapata timu ambayo adui hajui amkabe nani.

Mechi mbili za kwanza za ligi, KMC walikula tano, JKT Tanzania wakala tano. Kisha ikaja Jumapili ya Novemba 5, 2023. Watani wa jadi. Simba 1, Yanga 5! Musonda moja, Maxi mawili, Aziz Ki moja, Pacome moja kwa penalti. Hesabu vizuri: mabao matano, wafungaji wanne. Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, hakuwa na kazi.

Aziz Ki, ambaye wakati wa Mayele alikuwa kama msaidizi, alimaliza msimu na mabao 21 ya ligi. Ni nani aliyekuwa amemfuata kwa karibu? Fei Toto wa Azam, mabao 19. Mpira una vituko, wallahi!

KIDONDA CHA PILI: KUFUNGWA NYUMBANI

Kombe la 2023 halikupotelea Algiers. Lilipotelea Temeke. Ukiruhusu mabao mawili nyumbani kwenye fainali, huko ugenini utakwenda kuomba tu.

Msimu uliofuata Yanga waliingia makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1998. Mechi ya kwanza wakarudi Algiers, safari hii kwa CR Belouizdad, wakachezea kichapo cha 3-0. Watu wakasema yale yale, Algiers ina nuksi.

Lakini nyumbani mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Al Ahly, mabingwa wa Afrika, walikuja Mkapa wakaongoza, Pacome akasawazisha dakika za lala salama, 1-1. Medeama ya Ghana ikapigwa 3-0. Halafu Februari 24, 2024, Belouizdad wakaja kwa zamu yao. Mudathir, Aziz Ki, Musonda, Guede. Nne bila!

Sasa tazama hesabu ilivyogeuka. Kundi lilipoisha Yanga na Belouizdad walikuwa na pointi nane kila mmoja. Wakaangaliwa walipokutana wao kwa wao: 3-0 ya kule, 4-0 ya huku. Yanga wakapita robo fainali kwa tofauti ya bao moja. Hesabu ile ile iliyowaliza Juni 2023 ndiyo iliyowachekesha Februari 2024. Msimu mzima wa Afrika, hakuna mgeni aliyeondoka Dar es Salaam na ushindi dhidi yao. Hata Mamelodi Sundowns, pamoja na mshiko wao wote, waliambulia 0-0.

KIDONDA CHA TATU: PENALTI

Hiki kilichelewa kupona. Agosti 2023, fainali ya Ngao ya Jamii kule Mkwakwani, Tanga, Yanga na Simba walitoka 0-0. Ikaja matuta. Kipa kijana wa Simba, Ally Salim, akapangua tatu. Simba wakabeba ngao, 3-1.

Aprili 5, 2024, marudiano na Sundowns kule Pretoria. Aziz Ki alipiga shuti likagonga mwamba na kudunda chini, Yanga nzima ikasema bao, mwamuzi akasema hapana. Ubishi wa mpira ule haujaisha vijiweni. Ikawa 0-0 tena, matuta tena, Sundowns 3, Yanga 2. Nje.

Mtu mwingine angesema hii ni laana, akatafuta mganga. Lakini Juni 2, 2024, fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, Uwanja wa New Amaan, Zanzibar, dhidi ya Azam ya Fei Toto. Dakika 120 hakuna bao. Matuta! Ungekuwa wewe ungefumba macho. Yanga wakashinda 6-5.

Ubingwa wa ligi walikuwa nao tayari, pointi 80, taji la 30 katika historia ya klabu. Azam na Simba wote walibaki na 69.

SASA SOMO NI LIPI?

Najua kuna msomaji wa Msimbazi amenuna tangu aya ya tatu. Mjomba, tulia. Haya siyo majigambo ya Jangwani. Mpira unazunguka: Gamondi mwenyewe, pamoja na makombe yote yale, Novemba 2024 alioneshwa mlango. Simba nao Mei 2025 walifika fainali ya Shirikisho, wakafungwa 2-0 Morocco na RS Berkane, wakatoka 1-1 Zanzibar, wakalia machozi yale yale waliyokuwa wakiwacheka wenzao. Na Mayele aliyeondoka? Mwaka huo huo wa 2025 aliinua Kombe la Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na Pyramids. Kila mmoja alikuwa na safari yake, na kuondoka kwake hakukuwa usaliti.

Ninachosema ni hiki. Msimu ukiisha, kuna kazi mbili. Moja ni ya kelele: kusajili, kupiga picha na jezi mpya, kujaza uwanja siku ya tamasha. Siku ya Mwananchi 2023 ilikuwa hivyo, Kaizer Chiefs wakaja, wakafungwa 1-0, watu wakarudi nyumbani sauti zimekauka. Ni raha, hakuna anayekataa.

Kazi ya pili haina kelele. Ni kukaa chini na kusema: Tulitegemea mtu mmoja mno. Tulilala dakika mbili nyumbani kwetu. Miguu ilitetemeka kwenye penalti. Ni aibu kusema mambo hayo mbele ya wenzako wakati bado una kombe mkononi na watu wanakuimbia. Timu nyingi hazisemi. Zinabadilisha kocha, zinanunua mshambuliaji, zinaweka kidonda plasta bila kukisafisha. Mwakani kinafumuka pale pale.

Na hilo siyo la mpira tu, dada yangu. Ni wangapi tunaachwa na mtu, tunakimbilia kutafuta mwingine wa kufanana naye, kumbe tatizo lilikuwa kumtegemea yeye kwa kila kitu? Konkoni wako atashindwa kazi siyo kwa ubaya wake, ni kwa sababu umempa viatu vya mwingine.

Kwa hiyo msimu huu ukiisha, iwe timu yako imelia au imecheka, usiulize kwanza nani anasajiliwa. Uliza walioumia wamekaa kikao gani, na walisema nini. Jibu la hilo ndilo litakalokuambia kama mwakani utacheza ngoma au utazima redio mapema.

Haya, kahawa imepoa. Tukutane wiki ijayo, na utani usizidi kipimo.