Joto la shimo jeusi lisilo na nukta ya maangamizi

Nadharia ya Einstein kuhusu mvutano ina mahali inapokwama yenyewe. Mwaka 1965 Roger Penrose alithibitisha kwamba, kwa masharti fulani, nyota ikiporomoka hadi kuwa shimo jeusi, hesabu hazina budi kukatika mahali fulani humo ndani. Kwa kawaida hapo huwekwa nukta ya maangamizi, yenye msongamano usio na kikomo. Mwaka 1968 James Bardeen akaonyesha njia nyingine: shimo lenye upeo, yaani mpaka ambao kilichouvuka hakirudi, kama mengine, ila kiini chake kina msongamano wenye kikomo, na humo mvutano hugeuka kuwa msukumo.

Tofauti hiyo hujitokeza wazi kwenye joto. Stephen Hawking aligundua mwaka 1974 kwamba, kwa sababu za kwanta, shimo jeusi hutoa mnururisho. Makala kwenye mbabula ya Lubumbashi hupoa kadiri yanavyopoteza joto. Shimo la kawaida hufanya kinyume: likipoteza nishati huwa jepesi zaidi, na likiwa jepesi huzidi kuwaka, mpaka hesabu zidai joto lisilo na mwisho. Dai hilo halikubaliki.

Shimo la Bardeen huanza vivyo hivyo. Likisinyaa hadi kukaribia ukubwa wa kiini chake, joto hufika kilele, kisha huteremka mpaka sifuri. Upeo wa nje hukutana na upeo wa pili, ulio ndani yake, mnururisho hukoma, na hubaki bonge dogo la baridi. Baada ya kilele, shimo hufuata desturi ya makala: likipoteza nishati, hupoa. Huu ndio uzuri mkubwa wa mfano huu.

Kuupima angani ni kazi nyingine. Satelaiti Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, Kenya, ilichunguza eksirei za Cygnus X-1 na kusaidia kulitambua kuwa shimo jeusi. Uzito wake ni kama Jua mara 21, hivyo joto lake ni takriban sehemu 3 za bilioni za kelvini moja. Anga lenyewe lina kelvini 2.7, kwa hiyo mnururisho wa shimo hilo hauwezi kuonekana.

Tena, nishati inayoingia huweza kurundikana kwenye upeo wa ndani na kuubomoa. Tatizo hilo lisipotatuliwa, ni mapema mno kudai kwamba Cygnus X-1 lina kiini cha namna hiyo.