Kwa nini Kiingereza cha wageni kinatupita masikioni?

Babati iko kwenye barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma, na Hifadhi ya Tarangire haiko mbali. Kijana wa hapa aliyemaliza kidato cha nne anaweza kupata kazi jikoni, mapokezi au ya kutembeza watalii. Kiingereza cha daftari anakijua. Lakini mgeni akianza kuongea, haambulii kitu.

Shida mara nyingi si uchache wa maneno. Katika Kiswahili karibu kila silabi inasikika. Waingereza na Wamarekani hukaza maneno yenye uzito tu, na yale madogo huyameza. “Give him” husikika “givim”. “What do you want to do?” husikika kama “woja-wona-duu”. Darasani tumezoea kusikia neno mojamoja, hivyo sikio halijawahi kukutana na neno lililomezwa.

Hata sisi tunameza. “Sasa hivi” inakuwa “saivi”, na “nimekwisha kula” inakuwa “nshakula”. Mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni naye hubaki ameduwaa.

Kutosikia vizuri kunaweza kuleta hatari. Mgeni akisema “I can eat peanuts”, anakula karanga. Akisema “I can't eat peanuts”, hali, na kama ana aleji karanga zinaweza kumuua. Usitegemee kuisikia ile “t” ya mwisho, kwani mara nyingi hupotea. Sikiliza uzito: “can” ya kukubali hupita haraka kama “kn”, lakini “can't” hukazwa. Ukiwa na shaka, uliza: “No peanuts?” kisha subiri jibu.

Sikio hufundishika, na simu yako inatosha:

1. Chagua mazungumzo mafupi ya sekunde 20 au 30 yenye maandishi yake. Yapakue mara moja ili usimalize bando.
2. Sikiliza mara tatu bila kusoma, kisha andika ulichosikia, hata kama ni vipande.
3. Linganisha na maandishi. Pigia mstari maneno yaliyokupita. Utaona mengi ni yale madogo unayoyajua.
4. Rudia kwa sauti pamoja na msemaji, ukimeza anapomeza. Kinywa kikizoea, sikio nalo hushika.

Matangazo ya Kiingereza cha polepole, kama yale ambayo Sauti ya Amerika ilianzisha mwaka 1959, ni mwanzo mzuri wa kupata maneno. Ila ukibaki hapo tu, mwendo wa kawaida utaendelea kukushinda. Changanya yote mawili, dakika 10 kila siku.

Na ukiwa kazini, usiitikie “yes” kwa aibu. Sema: “Sorry, please say it again.” Kisha rudia ulichoelewa, mgeni akuthibitishie kabla hujaenda jikoni.