Upasuaji wa Kupunguza Unene: Maswali ya Wagonjwa na Msaada wa Wenzao

Unene wa kupindukia ni miongoni mwa magonjwa yanayoenea kwa kasi duniani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane alikuwa na unene wa kiasi hicho. Unene huo huandamana na kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, maumivu ya magoti na kukatika kwa pumzi usingizini. Tiba ya kwanza ni mpango wa chakula na mazoezi. Hata hivyo wako watu ambao kwao tiba hiyo haitoshi, na baadhi yao hushauriwa kufanyiwa upasuaji.

Katika makala haya tutaeleza jinsi upasuaji huo unavyofanya kazi, tutajibu maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na mwishoni tutaona kwa nini wagonjwa waliokwisha kupasuliwa wamekuwa wasaidizi wa lazima kwa wale wanaojiandaa kupasuliwa.

Nani hufikiriwa kupasuliwa?

Kipimo cha unene kinachotumiwa zaidi hupatikana kwa kugawanya uzito wa mtu, kwa kilo, kwa kipeo cha pili cha kimo chake, kwa mita. Mathalani, mtu mwenye uzito wa kilo 110 na kimo cha mita 1.60 atakuwa na kipimo cha 110 ÷ 2.56, yaani 43 hivi. Kipimo cha kuanzia 18.5 hadi 24.9 huhesabiwa kuwa cha kawaida. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Yafaa ieleweke kwamba hesabu hii haitofautishi mafuta na misuli. Kwa hiyo daktari haitumii peke yake.

Mwaka 1991 mkutano wa wataalamu nchini Marekani uliafiki kwamba upasuaji ufikiriwe kwa mtu mwenye kipimo cha 40 au zaidi, au 35 ikiwa ana maradhi yanayotokana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa fani hii vilishusha viwango hivyo: 35 hata kama hakuna maradhi mengine, na kuanzia 30 kwa wenye maradhi kama kisukari.

Upasuaji ulianzaje?

Jaribio la mapema lilifanywa Minnesota, Marekani, na kuelezwa mwaka 1954. Madaktari waliunganisha mwanzo na mwisho wa utumbo mwembamba ili chakula kisifyonzwe sana. Wagonjwa walikonda, lakini wengi walipatwa na madhara ya ini na vijiwe vya figo, na hatimaye njia hiyo iliachwa.

Mwaka 1967 Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa walieleza njia nyingine. Mason alikuwa ametambua kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya mfuko wa tumbo kwa sababu ya vidonda walipungua uzito, na haikuwa rahisi kwao kunenepa tena. Kutokana na hayo alibuni upasuaji wa kuukata mfuko wa tumbo na kuacha kijifuko kidogo juu, kisha kukiunganisha na utumbo mwembamba. Njia hiyo imeboreshwa, na bado inatumika. Siku hizi kijifuko hicho huchukua kiasi cha mililita 30 tu, sawa na vijiko viwili vikubwa vya chakula.

Njia inayofanywa zaidi siku hizi ni ya kukata na kuondoa kiasi cha robo tatu ya mfuko wa tumbo, au zaidi kidogo, na kubakiza mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kwa kawaida daktari hupitisha vyombo vyake katika matundu madogo ya ngozi, akiongozwa na kamera, badala ya kulipasua tumbo lote.

Hapo zamani ilidhaniwa kwamba siri yote ya upasuaji huu ni udogo wa mfuko. Leo inajulikana kwamba homoni nazo zina kazi kubwa. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani waligundua grelini, homoni ya njaa ambayo hutengenezwa zaidi katika sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo. Sehemu hiyo ikiondolewa, grelini hupungua katika damu. Aidha, chakula kinapofika upesi katika utumbo wa chini, utumbo hutoa homoni za shibe ambazo pia huhimiza kongosho kutoa insulini. Ndiyo maana sukari ya baadhi ya wagonjwa wa kisukari hushuka katika siku chache, kabla hata uzito haujapungua sana. Dawa mpya za sindano, kama semaglutidi iliyoidhinishwa Marekani kwa tiba ya unene mwaka 2021, huiga homoni mojawapo ya hizo.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, upasuaji huu huua? Kila upasuaji una hatari zake, kama vile kuvuja kwa mshono, kutoka damu na damu kuganda katika mishipa. Uchunguzi wa wagonjwa 4,776, uliochapishwa Marekani mwaka 2009, ulionyesha kwamba waliofariki katika siku 30 za kwanza walikuwa watatu hivi kwa kila elfu moja. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye maradhi mazito, na pale ambapo hakuna timu yenye uzoefu.

Je, uzito hurudi? Unaweza kurudi kwa sehemu. Nchini Uswidi, ambako utafiti mkubwa ulianza mwaka 1987, wagonjwa waliounganishiwa kijifuko na utumbo walikuwa wamepoteza asilimia 32 ya uzito wao baada ya mwaka mmoja au miwili. Baada ya miaka 10 upungufu huo ulikuwa asilimia 25. Upasuaji ni chombo tu; anayekunywa soda na kula vitu vitamu kutwa nzima anaweza kukishinda chombo hicho.

Kwa nini baadhi yao huzidiwa baada ya kula vitu vitamu? Sukari nyingi inapoingia ghafla katika utumbo mwembamba, maji hutoka katika damu kuifuata. Mwanafunzi aliyesoma osmosisi ataelewa mara moja. Mgonjwa hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio, tumbo humsokota, na pengine huharisha.

Je, vidonge vya vitamini humezwa mpaka lini? Humezwa maisha yote. Vitamini B12 haifyonzwi vema bila protini maalumu inayotengenezwa na ukuta wa mfuko wa tumbo. Kwa kuwa ini huweka akiba ya vitamini hiyo inayoweza kudumu kwa miaka, mgonjwa aweza kujiona mzima hali upungufu unamnyemelea. Madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D navyo huhitajiwa, pamoja na kupimwa damu kila baada ya muda. Anayetapika mfululizo asisubiri: upungufu wa vitamini B1 waweza kuudhuru ubongo, basi aende hospitali upesi.

Je, nywele hunyonyoka? Kwa wengi hupungua miezi michache baada ya upasuaji, kisha huota tena, hasa mgonjwa akila protini ya kutosha: samaki, mayai, maharage, maziwa.

Je, mwanamke aweza kuzaa baadaye? Ndiyo, na pengine uwezo wake wa kushika mimba huongezeka. Lakini hushauriwa angoje miezi 12 hadi 18, mpaka uzito utulie na mwili uwe na akiba ya lishe.

Kwa nini wagonjwa huulizana wenyewe kwa wenyewe?

Majibu hayo hutolewa na daktari. Lakini yako maswali mengine. Nifanyeje wakati jamaa wote wamezunguka sinia moja la pilau nami nimeshiba kwa tonge tatu? Nitamwambia nini shangazi anayedhani nimekidharau chakula chake? Ngozi iliyolegea itanitia aibu mbele ya mwenzangu? Katika nchi zetu mwili mnene mara nyingi huchukuliwa kuwa dalili ya raha, na anayekonda haraka hudhaniwa kuwa ana UKIMWI au kifua kikuu. Mtu aliyepungua kilo 40 kwa mwaka huenda akapewa pole badala ya hongera. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Majibu ya maswali haya wanayo waliokilalia.

Wazo la kuwakutanisha wagonjwa si geni. Mwaka 1905, huko Boston, daktari Joseph Pratt alianzisha darasa la wagonjwa maskini wa kifua kikuu. Walikutana kila wiki, wakaleta kumbukumbu za hali zao, na Pratt akaona kwamba ugonjwa uliowaunganisha uliwafanya watiane moyo. Leo hospitali nyingi zinazofanya upasuaji wa unene huwa na vikundi vya namna hiyo. Nchini Tanzania, ambako hospitali ya Mloganzila imeanza kuwawekea watu puto tumboni ili wapunguze uzito bila kukatwa, haja ya wagonjwa kusaidiana ni ile ile.

Je, vikundi hivyo vinafaa? Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wanaohudhuria hupungua uzito zaidi kuliko wasiohudhuria. Lakini hapana budi tujihadhari. Huenda wanaohudhuria ndio waliokuwa na bidii tangu mwanzo. Tena, mtu ambaye uzito umemrudia huona haya, huacha kuja, na kikundi husikia habari za waliofaulu tu. Kwa hiyo mgeni anayesikiliza hadithi nzuri kumi na ajiulize ni hadithi ngapi hazikufika chumbani humo. Na kikundi kilicho bora ni kile kinachomtafuta aliyetoweka na kumpokea bila kumcheka, kwa sababu yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya wenzake.

Kikundi nacho kina mipaka. Mwenzako aweza kukueleza jinsi alivyojifunza kutafuna polepole, au jinsi alivyoishinda hofu ya chumba cha upasuaji. Asikupangie dozi, asikugawie dawa zake, wala asikuambie kwamba maumivu yako ni ya kawaida. Mwili wake si wako.

Zoezi kwa darasa

Katika utafiti wa Uswidi watu 2,010 walipasuliwa, na wengine 2,037 walitibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007, baada ya kufuatiliwa kwa wastani wa miaka 11 hivi, yalionyesha vifo 101 katika kundi la kwanza na 129 katika la pili. Wanafunzi wakokotoe asilimia ya vifo katika kila kundi. Kisha wajadili jambo hili: watu hao hawakugawanywa kwa kura, bali waliopasuliwa walichagua wenyewe. Je, watafiti walipaswa kulinganisha mambo gani mengine kati ya makundi hayo mawili kabla ya kusema kwamba ni upasuaji uliopunguza vifo?