Istilahi za Mabadiliko ya Mfumo katika Programu za Simu

Tangu simu za kwanza zenye mfumo wa Android zilipoanza kuuzwa mwaka 2008, wafasiri wa Kiswahili wamekuwa wakikutana na maneno ambayo, yakifasiriwa kwa kufuata kamusi tu, humpoteza msomaji. Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza machache yahusuyo jinsi sehemu za programu zinavyoitikia mabadiliko ya mfumo. Twasema 'kuitikia' wala si 'kujibu', kwa kuwa jibu hutanguliwa na swali, na hapa hakuna aulizaye. Kuna mwito tu.

Programu ya Android huundwa kwa sehemu za aina nne. Ya kwanza ni ile imwonyeshayo mtumiaji ukurasa mmoja. Waundaji wake waliipa jina la Kiingereza ambalo kamusi zetu hulifasiri 'shughuli'. Ya pili hutenda kazi isiyoonekana, kama vile kupiga muziki, na kuiita 'huduma' hakuna ubaya. Ya tatu husubiri matangazo ya mfumo, nayo twapendekeza iitwe 'kipokezi'. Ya nne hutoa data kwa programu nyingine, nayo haituhusu hapa.

Neno 'shughuli' ndilo lenye taabu. Mwanafunzi asomaye kwamba 'shughuli huharibiwa simu inapogeuzwa' atadhani kazi yake imepotea, au simu yenyewe imeharibika. Kumbe simu ikigeuzwa kutoka wima kuwa mlalo, mfumo, kwa kawaida, huuondoa ukurasa uliopo na kuujenga upya kwa vipimo vipya. Hufanya vivyo hivyo lugha ya simu inapobadilishwa. Kwa hiyo twaona 'ukurasa' ni bora kuliko 'shughuli', na 'kuvunjwa' ni bora kuliko 'kuharibiwa', kama kambi ivunjwavyo ili isimamishwe tena.

Hata hivyo kitu chaweza kupotea kweli. Kabla ya kuuvunja ukurasa, mfumo huupa nafasi ya kuhifadhi mambo machache, kisha huurudishia unapojengwa upya. Mwandishi wa programu asipoitumia nafasi hiyo, mtu aliyekwisha kujaza nusu ya fomu ya maombi aweza kujikuta ameanza upya kwa sababu tu aligeuza mkono. Chombo hicho cha kuhifadhia baadhi ya wafasiri hukiita 'kifurushi'. Sisi hatukubali, maana kwa watumiaji wa simu wa Tanzania kifurushi ni muda wa maongezi au data inunuliwayo. 'Bahasha' yatosha.

Kuhusu kipokezi, matangazo yake ni kama betri kupungua au simu kuwashwa. Yafaa walimu wajue kwamba tangu toleo la 8, la mwaka 2017, programu isiyokuwa ikifanya kazi haiwezi tena kuamshwa na mengi ya matangazo ya jumla. Lile la simu kuwashwa ni miongoni mwa yaliyoachwa. Vitabu vya kabla ya hapo husema vingine.

Jambo linalotugusa zaidi ni lugha. Mtumiaji achaguapo Kiswahili, ukurasa ujengwao upya hutafuta maneno yake katika folda yenye alama 'sw'. Sentensi isiyokuwamo humo huchukuliwa katika folda ya msingi, ambayo mara nyingi ni ya Kiingereza. Ndiyo sababu ya kurasa zilizochanganyika lugha mbili. Aidha waandishi wa programu hupenda kumpa mfasiri sentensi yenye pengo, jina la kitu litiwe baadaye. Kiingereza hustahimili hayo, lakini ngeli zetu hazistahimili: picha imefutwa, ujumbe umefutwa, majina yamefutwa. Mfasiri aliyepewa pengo moja hana budi kuwakosea wawili kati ya watatu. Twawashauri wafasiri wakatae pengo la namna hiyo na kudai sentensi kamili kwa kila kitu, hata kama kazi itaongezeka mara tatu.